Kifua, Ngozi na Triko la Sufu

Mume wangu hakumbeba binti yetu wa kwanza kwa muda wa miezi mitano. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nataka kuandika habari za magonjwa tu. Alimpenda mno. Alimwinamia kitandani, akamwimbia, akamkunjia uso mpaka mtoto akacheka kwa kwikwi. Lakini nilipomnyooshea ampokee, mikono yake ilirudi nyuma ya mgongo. "Ngoja kwanza," ndivyo alivyosema kila mara. Tungoje nini? Sote wawili tulijua, na hakuna aliyetaka kulitamka.

Tulikaa Kadutu, mtaa wa Bukavu, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, mji ukiwa bado una majina mawili midomoni mwa watu, letu na lile walilouita wao. Yeye alikuwa karani. Kila asubuhi alishuka mpaka Ibanda kwenye ofisi ya Wazungu, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi shingoni, hata siku za jua. Majirani walimsifu kwa unadhifu. Mimi ndiye niliyeyafua yale mashati, na nilijua kwa nini hakuyakunja mikono. Ndani, penye kiwiko, kila shati lilikuwa na alama za damu na za majimaji ya vidonda.

Ngozi ilimsumbua tangu utoto wake kule Luhwindja. Ilishika kwenye mikunjo ya mikono, nyuma ya magoti, na shingoni. Ilikuwa nene na ngumu, nyeusi kuliko mwili wote, na ilimwasha kiasi cha kumkosesha adabu. Wakati wa uchumba aliniambia ni mbu. Nilimwamini, maana msichana anayependa huamini hata mambo ya mbu wanaouma kiwiko kimoja tu kwa miezi minne. Tulipooana nikaona kuwa ngozi haikuja peke yake. Kila asubuhi alipiga chafya kumi, kumi na tano, macho yamevimba, kabla hajasema neno la Kikristo. Ikifika kiangazi, vumbi likipanda na watu wakichoma majani mashambani, kifua chake kililia filimbi. Na kukosa usingizi ndio usiseme. Nilimtania kwamba nimeolewa na wanaume watatu, mmoja wa kujikuna, mmoja wa kupiga chafya na mmoja wa kukohoa, na kwamba mahari ililipwa ya mmoja tu. Alicheka sana. Nilipenda kumchekesha, na hata sasa nikikumbuka kicheko kile nasikia raha.

Kicheko kilianza kupungua nilipokuwa na mimba. Katika safu yetu ya nyumba alikaa mwanamume mmoja fundi wa viatu. Gari la waganga wa hospitali lilikuja likamchukua, kwa sababu ukoma ulikuwa umeonekana mgongoni mwake. Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, mbali, na mke wake akarudi kwa wazazi. Watu walisimama milangoni wakitazama. Mume wangu alisimama pia, mikono imefichwa mifukoni. Jioni ile aliniuliza kama ile ya fundi ilianza kwa kuwasha. Nilimjibu kwamba mimi si mganga, na nikamwaga maji ya mboga nje kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuliko yeye.

Binti yetu alipozaliwa, mwenzangu alikuwa amekwisha kuamua. Hataenda kujionyesha kwa waganga, maana wakikuta ukoma watamchukua. Na hatamgusa mtoto, maana kama ni ukoma atamwambukiza. Atakaa hapo katikati, na mikono yake mgongoni, mpaka Mungu ajue.

Mimi sikuumbwa kukaa katikati. Nina hasira za karibu na mikono isiyotulia. Nilisema kama haendi kwa waganga, basi nitamponya mwenyewe, na siku ngozi yake itakapokuwa safi atampokea mtoto huyu mbele yangu.

Sasa nieleze ujinga wangu, na nitaueleza wote.

Mama yangu, aliyekuwa na ng'ombe wawili kule vilimani Kabare, aliniletea siagi iliyofungwa katika jani la mgomba. Kwetu Bushi mwili hupakwa siagi, na mama hakuona haja ya maelezo. Alisema tu, "Mupake mume wako." Nilimpaka. Baada ya majuma mawili ngozi ililainika, na mume wangu akawa anajikuna nusu ya alivyozoea. Lakini siagi ya ng'ombe ina harufu yake, hasa ikipata joto la mwili chini ya shati jeupe. Na mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa foyer.

Wasiojua foyer niwaambie. Ilikuwa nyumba ambamo mabibi wa Kibelgiji walitufundisha sisi wake wa makarani na walimu kupiga pasi, kushona, kuogesha mtoto katika beseni, na kupanga uma upande wa kushoto. Tulijivuna mno. Siku moja mwenzangu mmoja, mke wa mwalimu, alininusa nikipita akauliza kama nimetoka kukamua ng'ombe. Wote walicheka. Nilirudi nyumbani nimefura, nikachukua ile siagi iliyobaki, nikaipikia maharage. Tulikula maharage matamu sana siku tatu, na ngozi ya mume wangu ikarudi kuwa gome.

Badala ya siagi nikaleta maendeleo. Nilikuwa wa kwanza katika kufuma. Bibi aliyetufundisha alisema Bukavu ina baridi, na kwamba mtu wa kifua dhaifu avishwe sufu juu ya mwili. Hakusema neno juu ya ngozi, wala mimi sikumwuliza. Kifua nilikiweka kwenye kapu lake na ngozi kwenye kapu lake. Nikapata nyuzi za kijivu, nzito, za bei ya kuuma, na nikafuma kwa majuma matatu mtoto akiwa mgongoni. Nilimtolea mume wangu triko la mikono mirefu, la shingo ndefu, la kuvaliwa chini ya shati. Kila kitanzi cha triko lile kilikuwa na sala yangu ndani yake. Sioni haya kulisema.

Alilivaa nikamzungusha kama mtoto wa Komunyo ya kwanza.

"Iko namna gani?" nikamwuliza.

"Iko muzuri sana, Mama ya mutoto. Inashika joto."

"Mbona unavuta shingo?"

"Ni sababu iko mupya tu."

Alivyosema "mupya tu" nilimfumia la pili, apate la kubadilisha. Na kwa kuwa niliamini maradhi yote ni uchafu, kila Jumamosi nilimkalisha kwenye beseni la maji ya moto, nikamsugua kwa sabuni ya mche ya kufulia na ganda la mti mpaka akawa mwekundu. Hakulalamika. Aliuma meno akaniuliza habari za foyer. Mungu anisamehe, nilidhani ule ni uvumilivu wa mtu anayepona.

Hakupona. Shingo ilipasuka, vidonda vya mikono vikatoa usaha, akapata homa mara mbili. Kifua nacho, ambacho kilivishwa sufu ili kinyamaze, kilizidi kulia. Kila aliporudi kutoka kazini alikaa kwenye kiti mlangoni, ametupa mgongo, akitazama barabara ambayo haikuwa na kitu cha kutazama. Aliacha kumwimbia mtoto. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Ngozi nilikuwa nimeizoea, filimbi ya kifua nilikuwa nimeizoea, lakini nyumba yangu bila sauti yake ikimwimbia mtoto sikuijua. Hatukuwa na jina la ugonjwa huo. Tulisema tu ana mawazo.

Kikafika kiangazi. Jumapili moja tulikuwa tunapanda kurudi nyumbani kutoka misa. Juu, upande wa Cimpunda ambako wakati ule mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba, watu walikuwa wanachoma majani makavu, na moshi ulitushukia njiani. Mume wangu alisimama. Akaweka mikono magotini. Alipovuta pumzi ilitoka sauti nyembamba, na mabega yake yakapanda hadi masikioni. Nilimkalisha juu ya jiwe. Wanawake waliotoka kanisani walitukusanyikia, mmoja akanipa maji, mwingine akaanza rozari, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

"Tunashuka ku lopitali," nikasema.

Alitikisa kichwa. Hakuweza kusema maneno mengi kwa pumzi moja, akayatoa vipande vipande. "Watavua... nguo. Wataona... ngozi. Watanipeleka... kule. Utabaki... peke yako... na mutoto."

"Na ukikufa hapa mu barabara, nitabaki na nani? Simama!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba yule wa rozari alinyamaza. Mume wangu alinitazama, akasimama. Tulishuka polepole, mtoto mgongoni mwangu, mkono wake mmoja begani kwangu, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Kote njiani niliomba msamaha moyoni kwa kumfokea, lakini mdomoni niliendelea kumfokea, maana niliona kwamba kufoka ndiko kunamtembeza.

Siku ile hospitalini alikuwapo asistenti mmoja, msaidizi wa waganga, Mwafrika mwenzetu, kijana wa miwani minene, aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Kwanza alimchoma sindano, tukangoja. Taratibu mabega yakashuka kutoka masikioni. Kisha akachukua kile kipira cha kusikilizia kifua.

"Papa, vua shati."

Mume wangu alishika vifungo vyake kwa mikono miwili. "Sikiliza tu hapa juu ya nguo."

"Juu ya nguo nitasikia nguo."

Hakuvua. Mimi nilimkabidhi mtoto mama mmoja aliyekuwa akingoja pale, nikamfuata mume wangu, nikamfungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, na yeye akiniambia kwa sauti ya chini, "Tafazali, Mama ya mutoto. Tafazali." Nilifungua mpaka cha mwisho, nikalivuta lile triko kichwani.

Asistenti akavuta kiti akakaa mbele yake, uso kwa uso, na nikaona kwamba hakusogea nyuma. Vidonda vilianza pale shingo ya triko ilipoanza, vikashuka na mikono yake, vikaishia palepale triko lilipoishia, sawasawa kabisa, kana kwamba nilipima kwa futi. Alilishika lile triko, akalisugua kwa vidole.

"Ni nani alifuma hii?"

"Niliinunua ku soko," mume wangu akajibu upesi.

"Mwongo!" nikasema. "Ni miye nilifuma! Iko na ingine ku nyumba!"

Asistenti aligeuka dirishani, na nina hakika alikuwa anacheka. Aliporudi alichukua pamba kidogo, akamwambia mume wangu afumbe macho. Akamgusa kwa pamba hapa na pale, juu ya madoa na nje ya madoa. "Ukisikia, sema." Mume wangu alisema ndiyo kila mara, hata pale ambapo mimi niliyefumbua macho sikuona kama amegusa.

"Ukoma inauaka ngozi, haisikie kitu," asistenti akasema. "Ngozi yako inasikia sana, inasikia kupita kipimo. Papa, hauna ukoma. Hii ni ekzema."

Mume wangu alibaki amefumba macho. Machozi yalitoka chini ya kope, na hakuyafuta.

Asistenti alianza kuuliza, na kila alichouliza nilishtuka, maana ni kama alikuwa amekaa nasi. Anapiga chafya asubuhi? Macho yanamwasha wakati wa vumbi na maua? Analala? Nikajibu mimi. Akauliza, "Na kucheka? Anachekaka?" Hapo na mimi nikalia. Akasema kwamba hayo yote ni ya familia moja, ngozi, pua na kifua, na kwamba mara nyingi yakimshika mtu mzima hayamwachi na moja tu. Ngozi iliyopasuka inaingiza uchafu, ndiyo ile homa na usaha. Kuwashwa kunakula usingizi, na mtu asiyelala moyo wake unaingia giza, wala si uvivu wala si kurogwa. Miaka mingi baadaye, niliposikia watu wa Tanganyika wakiiita ekzema pumu ya ngozi, nilisema hao wamepatia, laiti wangeniambia kabla sijanunua nyuzi.

Asistenti alikataza sufu juu ya mwili, maji ya moto na sabuni ya kufulia. Pamba tupu, akasema, na mafuta kila siku. Akatupa pomada nyeupe na vidonge vya kifua. Akauliza kama hatukuwahi kumpaka mafuta yoyote. Nikasema tulikuwa na siagi ya mama. "Na ilienda wapi?" Nikamwambia tuliipikia maharage. Akageuka tena dirishani.

Halafu akamwuliza mume wangu kuhusu kwao. Mama yake alikuwaje? Mume wangu akasema mama yake alikuwa akikaa mlangoni kila kiangazi, akitafuta pumzi, na wao watoto walifikiri ni moshi wa jiko. Na kaka yake, aliyechimba dhahabu, alijikuna mikono, nao walifikiri ni maji ya mgodi. Aliyasema kwa mshangao, kama mtu anayewakuta ndugu zake mahali ambapo hakuwatarajia.

Kisha mume wangu akauliza lile lake. Nilijua litakuja.

"Niko na mutoto, musichana. Nikimubeba, nitamupa hii?"

"Kwa kumubeba? Hapana. Haipitake ku mikono." Kisha asistenti akaongeza, maana alikuwa mtu mkweli, "Inapitaka mu damu. Inaweza kuwa iko nayo, inaweza kuwa haiko nayo. Lakini kama iko nayo, ulimupa mbele ya kuzaliwa."

Mume wangu alitazama mikono yake, ikiwa imelala magotini, kiganja juu.

"Kwa hivyo miezi tano yote," akasema, "nilikuwa namufichia kitu nilisha mupa."

Nilichukua shati lake nikamwekea mabegani.

Na kweli mtoto alikuwa nayo. Alipokaribia miaka miwili tuliona madoa kwenye mikunjo ya viwiko vyake vidogo. Mimi nililia siku nzima. Baba yake hakulia. Ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyempaka, ndiye aliyejua kabla yangu kwamba leo inamwasha, na walikuwa na utani wao wawili juu ya kujikuna ambao sikuwahi kuingizwa. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile alivaa shati juu ya mwili mtupu, bila kufunga vifungo vya shingo. Alitoka mpaka pale alipokaa yule mama niliyemwachia mtoto, akasimama mbele yake, na nikaona hajui aanzie wapi. Yule mama alidhani ni baba kama baba wengine. Alimtia mtoto mikononi bila sherehe, akarudi kwenye mazungumzo yake. Mtoto aliushika uso huu uliokuja karibu kuliko siku zote, akamvuta mdomo wa chini. Mume wangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na sikuisikia tena.

Tulipanda kurudi Kadutu jua likiwa kali. Wakati ule mwanamume hakuonekana barabarani na mtoto mchanga kifuani wakati mke wake anatembea mikono mitupu, na wanawake waliokaa penye njia hawakuliacha lipite. "Papa, bibi yako iko mugonjwa?" mmoja akapaza sauti.

"Hapana, Maman," akamjibu. "Ni miye mugonjwa."

Walicheka, naye akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi. Kwenye mwinuko mkali ilibidi asimame. Filimbi ilikuwa imeanza tena, ndogo. Nikanyoosha mikono.

"Lete, nimubebe. Utaanguka naye."

"Acha."

"Kifua chako!"

"Kifua hii ataizoea. Acha, nakuomba."

Tulisimama mara sita kabla ya kufika, nilihesabu. Kila mara niliomba mtoto, na kila mara aligeuza bega kunizuia, mpaka nikachoka kuomba nikaanza kumfutia jasho. Nyumbani nilitandika kitanda haraka nikamwambia amlaze, amekwisha kusinzia. Alikaa naye kwenye kiti, kichwa chake kidogo kikiwa juu ya shingo ile ile yenye vidonda, akiimba kwa pumzi aliyokuwa nayo. Nilipika, nikamwita ale, chakula kikapoa. Hakumweka chini.